Wabebaji wa Kaole: Kutoka Msafara hadi Pikipiki

Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka hapa kwetu Kaole kwenda bara kuyatafuta maziwa makuu. Watoto wetu wanayasoma majina hayo mawili shuleni. Jina la Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India na ambaye alifuatana nao katika safari hiyo, wanalijua wachache. Majina ya wapagazi waliojitwika majora ya nguo, shanga na nyaya za shaba hayakuingia vichwani mwetu kabisa.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu na mimi ni mbebaji. Nimezaliwa Kaole. Nimeendesha bodaboda kati ya kijiji hiki na Bagamoyo mjini tangu kazi hii ikiwa changa, na sasa nina karakana ndogo ya pikipiki chini ya mwembe, kando ya njia ya kwenda magofuni. Vijana wanaoleta pikipiki zao kwangu nawasikia wakiitwa wahuni na watu ambao dakika kumi zilizopita walikuwa wamekaa nyuma yao. Inaniuma. Kazi ya kubeba watu na mizigo kwa malipo ina historia ndefu katika pwani hii, na waliotutangulia waliifanya kama fani yenye kanuni zake. Naieleza historia hiyo ili tuone ni nini walikuwa nacho, ambacho dereva wa bodaboda wa leo hana.

Bandari iliyozibwa na mikoko

Kaole ilikuwa mji kabla ya Bagamoyo. Magofu yetu ni ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yenye nguzo ndefu, na msikiti wa kale zaidi ni wa karne ya 13. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alifukua hapa na kuandika alichokiona. Vipande vya vyombo vya China vilivyookotwa katika ardhi hii vinaonyesha kwamba bidhaa za mbali zilishushwa hapa, na kinachoshushwa kutoka chomboni lazima kiwe na mtu wa kukibeba hadi juu.

Baadaye tope likajaa, mikoko ikaota, bahari ikasogea mbali. Leo ukisimama penye makaburi na kutazama upande wa bahari, unachokiona ni majani ya mikoko. Vyombo vikahama, na shughuli kubwa za biashara zikahamia Bagamoyo, mwendo wa kilomita tano hivi kutoka hapa. Ndiyo maana mpaka leo Mkaole anayetaka soko, hospitali ya wilaya au stendi ya mabasi, lazima aende mjini, na lazima awepo wa kumpeleka.

Frasila mbili

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa njia ndefu iliyokwenda Tabora hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka, nguo na shanga zilipanda. Watumwa nao walishushwa kwa njia hiyo hiyo, wakiwa wamefungwa, na wengi wao walibebeshwa mizigo kwa nguvu. Hilo ni jeraha la mji wetu na halifai kufunikwa. Lakini tusiwachanganye na wapagazi wa kulipwa, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Hao walishuka kwa hiari yao, wakapatana ujira, wakarudi kwao kulima mvua zilipokaribia. Kwao Unyamwezi, kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo chake. Kwa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chombo cha kupikia na silaha yake. Bidhaa zilifungwa katika mitumba ya umbo ambalo bega linaweza kulistahimili mchana kutwa. Mbele alitangulia kiongozi wa msafara akiwa na bendera, na yeye ndiye aliyeshika mwendo, hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Wanyampara waliangalia mizigo na watu. Kambi zilijulikana, visima vilijulikana, na usiku watu walilala ndani ya boma la miiba. Ujira ulilipwa kwa nguo, merikani au kaniki, na posho ilitolewa njiani. Posho ikipunjwa, wapagazi walitua mizigo chini na safari ikasimama. Tajiri mwenye bunduki na fedha alikaa na kujadiliana na watu aliowahitaji, maana pembe ya ndovu haina miguu.

Bombay ni mmoja wa wachache ambao maisha yao ya kazi yaliandikwa. Baada ya ile safari ya 1857 alifuatana na Speke na mwenzake Grant kati ya 1860 na 1863 hadi kwenye chanzo cha Nile. Mwaka 1871 alikuwa na mwandishi wa habari Stanley alipoondoka Bagamoyo kumtafuta mmisionari Livingstone. Kuanzia 1873 alivuka bara zima na msafiri Mwingereza Cameron, wakatokea Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza kikampa nishani na pensheni. Huyo alikuwa mtu wa fani, aliyepanda daraja kutoka mfuasi hadi mkuu wa msafara, na aliyestaafu kwa heshima.

Wengine hawakubahatika hivyo. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba kwa miezi kadhaa kupita porini, kwenye vita na maradhi, hadi Bagamoyo mnamo Februari 1874. Mwili ulilazwa kwenye misheni ya Wakatoliki kabla ya kuvushwa Unguja. Aliyekwenda nao Uingereza alikuwa mmoja wa wenzao hao, Jacob Wainwright. Chuma na Susi, waliokuwa na Livingstone kwa miaka mingi na kuusimamia msafara ule wa mwisho, walifika Uingereza wakati mazishi ya Aprili 18 pale Westminster yamekwisha kupita. Mgeni anayefika Bagamoyo huonyeshwa mnara ambapo maiti ililala. Ningependa aonyeshwe pia njia ambayo wabebaji walipita.

Kuna jina jingine la kukumbukwa hapa, Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya India. Wazungu waliotaka wapagazi na vifaa vya safari walikwenda kwake. Alitajirika kwa migongo ya wabebaji, na kabla ya kufariki mwaka 1897 alitoa mali kwa ajili ya shule na hospitali Bagamoyo, na fedha za hospitali Dar es Salaam kwa wagonjwa wa rangi zote. Jina lake bado liko kwenye jengo la wodi la Sewahaji pale Muhimbili. Dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu anapofikishwa Muhimbili, anakutana na jina la mtu aliyewakodisha wapagazi wa Bagamoyo. Historia haijatuacha mbali.

Reli ilipopita kwingine

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kazi iliyofanywa na maelfu ya mabega ikaingia kwenye behewa, na Bagamoyo ikapoa. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawarudisha watu kwenye kubeba, safari hii kwa kukamatwa. Waingereza waliunda jeshi la wapagazi, na wapagazi hao wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na malaria, na kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Hapo kiongozi wa msafara na bendera yake hawakuwapo tena. Kulikuwa na namba na kiboko.

Baada ya hapo, kwa miaka mingi, kubeba huku kwetu kulikuwa kazi ya baisikeli. Baba yangu alikuwa na Swala, ile iliyotoka kiwanda cha baisikeli cha Dar es Salaam. Alfajiri alifunga tenga la samaki nyuma, akakanyaga hadi Kiromo na Zinga kabla jua halijawaharibu samaki. Pikipiki wakati huo ilikuwa chombo cha wakubwa: bwana shamba na Honda yake, padri wa misheni, mratibu wa elimu. Tulijua mlio wa kila moja. Ikipita, watoto tuliikimbilia hadi vumbi lilipotushinda.

Wazee wetu walikuwa na mashujaa wao wa mwendo, lakini walikuwa wa magari. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 yalishindwa na mtu wa Dar es Salaam, Bert Shankland, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam penyewe, na Hannu Mikkola wa Finland akawa wa kwanza kutoka ng'ambo kuyashinda. Ushindi wa watu hao umeandikwa hadi dakika walizopoteza njiani. Sina kinyongo nao. Ila natazama jinsi kalamu inavyomfuata anayeshindana, na jinsi inavyompita anayebeba.

Pikipiki zinamfikia mtoto wa mvuvi

Bodaboda ilianza kwa baisikeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, miaka ya 1960. Ilichukua muda mrefu kutufikia. Kilichoifungulia mlango Tanzania ni bei. Katika miaka ya 2000 ziliingia pikipiki za China kama SanLG, Fekon na T-Better, na za India kama Boxer na TVS, ambazo mtu wa kawaida aliweza kuzitafutia fedha. Ghafla kijana wa Kaole aliyekuwa anasubiri mashua irudi akawa na chombo chenye injini.

Miaka ile ya mwanzo tulibeba bila leseni ya biashara, kwa sababu sheria ilikuwa haijaitambua pikipiki kama chombo cha abiria. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji: leseni ya udereva, abiria mmoja, kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Mtu aliyekuwa anajificha kwenye vichochoro akawa na kijiwe kinachojulikana. Usimamizi ukawa chini ya mamlaka ya usafiri, SUMATRA, na tangu 2019 uko chini ya mrithi wake, LATRA. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, baada ya kuonekana kwamba kosa moja lilikuwa linameza kipato cha siku kadhaa.

Asiyeifanya kazi hii hudhani ni kukaa na kukunja mkono wa mafuta. Njoo nikuonyeshe njia yetu. Kutoka lami unaingia kwenye udongo mgumu, kisha panakuja mchanga laini, hasa kiangazi. Kwenye mchanga breki ya mbele ni adui, maana gurudumu la mbele likizama, wewe na abiria mko chini. Unarudisha uzito nyuma, unashika gia ndogo, unaweka mafuta yale yale bila kuongeza wala kupunguza, na unaiacha pikipiki itikisike kidogo chini yako bila kupigana nayo. Abiria akiogopa na kuegemea upande mwingine, mnaanguka. Kwa hiyo kabla ya mchanga unamwambia kwa upole, "Mama, nishike hapa, kaa kama ulivyokaa." Sauti yako ni sehemu ya breki.

Tenga la samaki lina elimu yake. Ukilifunga nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii. Unalisogeza karibu na mgongo wako, unalifunga kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, viwili kwa urefu na kimoja kwa upana, na unaweka gunia chini ili maji ya chumvi yasidondoke kwenye cheni. Chumvi na mchanga ndivyo vinavyozila pikipiki za pwani. Cheni ya Kaole haidumu kama ya Morogoro. Vijana wangu nawafundisha kuisafisha kwa brashi kabla ya kuipaka oili, kwa sababu ukipaka oili juu ya mchanga umetengeneza msasa, na sproketi itakwisha meno kabla ya wakati. Ukiikaza, iache icheze kiasi cha upana wa vidole viwili. Ikikazwa mno hukatika, na ikikatika kwenye mwendo hufunga gurudumu la nyuma.

Elimu hii haikutoka darasani. Tumepokezana kijiweni, mkubwa akimwelekeza mdogo, kama wanyampara walivyowaelekeza waliopanda njia kwa mara ya kwanza.

Pikipiki isiyo na breki

Kuna mchezo mmoja wa pikipiki ambao natamani kila dereva wa bodaboda aufahamu. Unaitwa spidiwei. Mwanzo wake huhesabiwa kuwa Desemba 1923, katika uwanja wa maonyesho wa West Maitland, Australia, ambako Johnnie Hoskins aliandaa mbio za usiku. Mchezo ukaingia Uingereza kwa kishindo mwaka 1928. Waendeshaji wanne hushindana mizunguko minne kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai, wakizunguka kuelekea kushoto, na kila mbio huisha kwa dakika moja hivi. Pikipiki ina injini ya cc 500, hutumia methanoli na haina breki hata moja. Kwenye kona mwendeshaji analiachia gurudumu la nyuma liteleze kwa nje, huku mguu wake wa kushoto, uliovikwa kiatu cha chuma, ukiburuza ardhini. Upo pia mchezo ndugu wa viwanja virefu, vinavyofika mita 1,000, ambako mwendo hupita kilomita 140 kwa saa.

Mtu ninayemheshimu katika mchezo huo ni Ivan Mauger, aliyezaliwa Christchurch, New Zealand, mwaka 1939. Alikwenda Uingereza akiwa kijana mdogo mwaka 1957, akajiunga na timu ya Wimbledon, hakufua dafu, akarudi nyumbani. Mwaka 1963 alirudi tena, akaanzia Newcastle. Akawa bingwa wa dunia mwaka 1968, 1969, 1970, 1972, 1977 na 1979, na kwenye viwanja virefu mwaka 1971, 1972 na 1976. Ubingwa wa mwisho aliuchukua akikaribia miaka 40. Alisifika kwa jinsi alivyoziandaa pikipiki zake kabla ya mbio, na mimi kama fundi naamini ushindi wake mwingi ulipatikana karakanani. Alifariki mwaka 2018, akiwa mzee.

Mtu anawezaje kuendesha pikipiki isiyo na breki kwa zaidi ya miaka 20 na kufa akiwa mzee? Kipaji ni sehemu tu ya jibu. Sehemu kubwa ni mambo yaliyomzunguka. Uwanjani wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna lori, hakuna mbuzi, hakuna gari linalotoka kichochoroni bila taa. Mtu akianguka, refa anawasha taa nyekundu na mbio zinasimama. Daktari na gari la wagonjwa wapo hapo hapo, na wasipokuwapo mashindano hayaanzi. Uingereza kuna hata mfuko maalumu wa kuwasaidia waendeshaji walioumia. Na bado mchezo huo umewaua watu na kuwaacha wengine kwenye viti vya magurudumu. Wanaoujua wanaheshimu hatari yake, ndiyo maana wameuzungushia uzio wa kanuni.

Sasa mtazame dereva wetu. Ana breki mbili, lakini mengine yote hana. Vijana wengi wanaanza kazi baada ya kufundishwa na rafiki jioni moja uwanjani. Pikipiki si yao. Wanaendesha kwa mkataba: kila siku unapeleka hesabu kwa bosi, elfu saba, elfu nane, elfu kumi, hadi mwaka au zaidi upite, ndipo pikipiki iwe yako, tena ikiwa imekwisha kuchoka. Siku ya mvua hesabu iko pale pale. Siku ya msiba hesabu iko pale pale. Ndiyo maana utamwona kijana anakimbia, anabeba mishikaki, abiria wawili hadi watatu, saa nne za usiku. Anayemlaumu kwa mwendo amuulize kwanza anadaiwa kiasi gani kabla ya kulala. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nimeshuhudia mkataba wa mdomo ukivunja moyo wa mtu. Kijana wa kijiwe chetu alipeleka hesabu bila kukosa, akabakiza wiki chache kumaliza. Akagongwa na gari lililokimbia, akavunjika paja. Alipokuwa amelala na chuma mguuni, mwenye pikipiki akaja kuichukua na kumpa mtu mwingine. Hakukuwa na karatasi wala shahidi wa upande wa kijana. Bima iliyobandikwa kwenye pikipiki ilikuwa bima ndogo, ambayo humlipa mtu wa tatu na haimtibu dereva. Gharama za matibabu zilitoka kwa mama yake, aliyeuza shamba la minazi, na kwa michango yetu ya kijiweni.

Linganisha na mpagazi wa mwaka 1860. Mzigo wake ulikuwa na kipimo. Ujira wake ulipatanwa kabla ya safari mbele ya wenzake. Kulikuwa na posho, kulikuwa na kambi, kulikuwa na mkuu wa kuamua mwendo ili mwenye nguvu asimchoshe dhaifu. Maisha yake yalikuwa magumu na mafupi, na simtamanii mtu yeyote ndui na njaa ya njia ile. Lakini kwenye kupatana na kupanga kazi, mababu walikuwa mbele yetu, na hilo linanitia uchungu kila ninapopeleka watalii magofuni.

Tunachoweza kufanya

Sizungumzi ili kulalamika. Kijiweni kwetu tumeanza na daftari. Kila dereva anaandika jina lake kamili, namba ya leseni, jina la mwenye pikipiki, masharti ya mkataba na tarehe ya kuanza, na pande zote mbili zinatia saini mbele ya mwenyekiti. Hesabu inayopelekwa inaandikwa. Mwenye pikipiki asiyetaka kuandika, hatumruhusu dereva wake kupaki kijiweni. Mwanzoni wapo walionuna. Leo wamiliki wenyewe wanalipenda daftari, kwa sababu linawalinda na wao.

La pili ni mafunzo. Dereva wa mashindano hujifunza kuanguka kabla ya kujifunza kushinda. Wetu waanze na mchanga, wajifunze kufunga mzigo, kubeba mjamzito na mzee, na huduma ya kwanza. Polisi wa usalama barabarani na vyuo vya ufundi wana walimu, na sisi wakongwe tuko tayari kuongeza tunayoyajua.

La tatu ni bima ya dereva mwenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bodaboda tusikae tukisubiri kuletewa kadi. Vijiwe vilivyosajiliwa vijiunge kama kikundi, sehemu ndogo ya hesabu ya kila siku itengwe kwa ajili hiyo, na mwenye pikipiki achangie, maana anayevunjika anavunjika akimzalishia.

La nne ni kumbukumbu. Bagamoyo ina jengo la kale la misafara, ina boma la Wajerumani, ina makumbusho ya misheni, na Kaole ina magofu na makumbusho yake. Naomba wanaosimamia mambo ya kale watenge nafasi ya wabebaji: Bombay, Chuma, Susi, Wainwright, wapagazi wa Kinyamwezi, waliokufa katika jeshi la wapagazi, wachuuzi wa baisikeli, na waanzilishi wa bodaboda ambao bado wako hai na wanaweza kuhojiwa leo. Wapagazi tuliwaacha wafe bila kuwauliza. Kosa hilo tusilirudie kwa watu tunaowapungia mkono kila asubuhi.

Nawe msomaji unayepanda bodaboda una sehemu yako. Vaa kofia unayopewa, kataa mshikaki, usimwambie dereva akimbie kwa sababu wewe umechelewa. Ukishuka, muulize jina lake na umlipe mliyopatana. Huyo ni mtu wa fani iliyoanza hapa kabla ya reli na kabla ya lami, na anastahili kulindwa na kuheshimiwa akiwa bado anaendesha.